Sindano Iliyokula Samaki

Daktari alipomuuliza kama ana ugonjwa wa sukari, Lokule alisema hapana kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ameiba mbuzi.

Si kwamba alidanganya moja kwa moja. Mwaka uliopita watu wa afya walipofika kijijini kwao Kuluba na mashine zao, binti mmoja alimtoboa kidole akamwambia, "Mzee, sukari yako iko juu kidogo. Punguza chai tamu." Juu kidogo, Lokule aliamua, si ugonjwa. Ni mwelekeo tu. Na kama angekiri hapa kwenye zahanati ya Arua, huenda daktari angemnyima sindano. Bila sindano goti la kushoto lisingekunjika. Na goti lisipokunjika, kesho Yasiri ndiye angesimama kusema huko Logiri badala yake.

Yasiri alikuwa binamu yake, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akilitazama goti la Lokule kwa matumaini.

Kazi aliyoitamani ilikuwa ya usemaji. Ukoo wao wa Koboko ukienda kuposa, mtu mmoja tu ndiye hufungua kinywa, na kwa miaka kumi na minane mtu huyo alikuwa Lokule, sajini mstaafu. Msemaji husimama wima kila anaposema, na huchuchumaa kila wenyeji wanapojibu, kuonyesha kwamba ukoo wake unajua kuomba. Ni sheria nzuri kwa mtu mwenye magoti mazuri. Sheria ya pili ni ya tumbo. Upande wa waombaji hauonji chakula cha wenyeji mpaka neno lifungwe. Msemaji akimeza hata tonge moja kabla ya hapo, basi neno la mwisho lililotamkwa na wenyeji limekubaliwa, na hakuna kurudi nyuma. Ukoo wa Logiri waliokuwa wakienda kuuomba nao uliishika sheria hiyo, tena kwa ujanja: siku ya maneno, jiko lilihamishiwa upande upepo unakotoka.

Safari hii neno lenyewe lilikuwa dogo na gumu. Nasur, mtoto wa marehemu kaka yake Lokule, alitaka kumwoa Ayikoru, mwalimu ambaye mwezi wa pili angehamia shule moja ya Midia, huko Koboko. Wawili hao walitaka harusi kabla ya hapo, mwezi wa Desemba. Onzima, baba wa binti, alisema hapana, dada mkubwa aolewe kwanza. Dada mkubwa, Victoria, alikuwa chuoni, amebakiza miaka mitatu, na alishatangaza kwamba kabla ya kumaliza haolewi hata na malaika. Kwa hiyo hesabu ya Onzima ilikuwa miaka mitatu, na Nasur alikuwa ameacha kunyoa ndevu.

"Baba mdogo," alimwambia Lokule, "wewe ukishindwa, mimi nimekwisha."

Hilo ndilo lililomfikisha Lokule kwenye kitanda cha zahanati, mguu wa suruali umekunjwa mpaka pajani.

"Hii ni dawa ya jamii ya steroidi," alisema daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akivuta maji meupe ya dawa ndani ya bomba la sindano. "Inazima uvimbe ndani ya goti. Haitengenezi goti. Inalinyamazisha tu."

"Linyamaze mpaka kesho jioni. Mimi siombi zaidi."

"Kwa siku mbili usilichoshe. Usikimbie, usibebe mizigo, usichuchumae."

"Mimi mtu wa kukaa, daktari."

"Uso unaweza kuwa mwekundu na moto. Unaweza kukosa usingizi, ukasikia furaha isiyo na sababu au hasira isiyo na sababu. Njaa inaweza kukushika. Mwenye sukari, sukari yake hupanda kwa siku kadhaa: kiu, na mkojo kila saa. Na goti likivimba, likawa la moto na homa ikaja, urudi hapa mbio, usingoje hata asubuhi." Alipiga mistari kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi iliyotoka ndani ya boksi la dawa, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Shika hii. Usidungwe tena mahali pengine kabla hujaionyesha."

"Njaa?" Lokule alicheka. "Daktari, mimi nimekaa msituni siku nne kwa maji ya mto na mhogo mmoja. Tena nusu yake alikula koplo."

Sindano iliingia. Kesho yake goti lilikunjika kama la kijana wa kwaya.

Usingizi, kweli, haukuja. Walikuwa wamelala Arua kwa jamaa, na wenzake walipoamka walikuta Lokule ameshapiga pasi suruali zao zote, amefagia uwanja, amenoa panga za mwenye nyumba na sasa anazinoa tena. Alikuwa na uso mwekundu na anaimba nyimbo za kambini.

"Afande, uko sawa?" aliuliza Yasiri.

"Sijawahi kuwa sawa namna hii."

Yasiri alilitazama goti, akanuna.

Ugali alioula Lokule asubuhi ulikuwa wa watu wanne. Waliokaa naye mezani walipata chai tu.

Saa nne walikuwa Logiri, uwanjani kwa Onzima, wamepangwa kwenye viti upande mmoja, wenyeji upande wa pili. Onzima alikuwa mzee mfupi mwenye mashavu ya duara na shingo nene, na mbele yake kulikuwa na kigoda alichokipiga kofi kila alipotaka kumaliza hoja. Lokule alisimama. Alisema vizuri. Alisema vizuri mno, hata baada ya kumaliza hakumaliza: aliwapitisha kwenye historia ya ukoo, mto waliovuka, babu aliyevuka wa kwanza, babu aliyekataa kuvuka, mpaka Yasiri akamvuta shati kwa nyuma.

"Desemba, Afande," alinong'ona. "Sema Desemba."

"Ndiyo! Desemba!" alisema Lokule, akachuchumaa bila maumivu, akatabasamu kwa dunia nzima.

"Mkwe," alijibu Onzima, "sisi hapana kataa. Sisi nasema ngoja. Dada mukubwa iko."

Lokule akasimama. Lokule akachuchumaa. Kufikia saa sita alikuwa amefanya hivyo mara ishirini na sita, na kiu ilikuwa imemshika kooni kama mkono. Alikunywa jagi la maji, kwani maji si chakula. Akanywa la pili. Hapo ndipo matatizo yalipoanza kutembea kwa miguu, maana choo cha Onzima kilikuwa nyuma ya nyumba, na kwenda huko ni lazima upite mlango wa jiko.

Mara ya kwanza alipita bila kugeuza kichwa. Ndani kulikuwa na chungu cha angara, samaki mkavu wa mtoni, aliyepikwa kwa karanga iliyosagwa mpaka mafuta yakapanda juu, na kando yake kikapu cha enyasa, ugali mzito wa mhogo na mtama, umefunikwa kwa kitambaa. Lokule hakuona kitu. Alijua tu. Pua ilitoa ripoti kamili.

Mara ya pili alisimama kidogo, kukagua.

"Mkwe," Onzima alimuuliza aliporudi, "sisi nakuudhi? Wewe natoka, narudi, natoka."

"Hapana, mkwe. Ni maji."

"Maji ya Logiri haina shida."

"Maji ni mazuri. Ndiyo maana sitaki yakae peke yake."

Walicheka pande zote mbili, na kwa sababu walicheka, Lokule aliona mlango umefunguka kidogo. Akasimama, akashusha sauti. Akasema kwamba Victoria ni msomi, na wao wanaheshimu kusoma. Kwamba mdogo akitangulia, mkubwa hatukanwi, anapata tu mahali pengine pa kwenda likizo. Victoria mwenyewe, aliyekaa na wanawake, aliitikia kwa kichwa mpaka kilemba kikamlegea. Mama yake, Nora, alimtazama mumewe kwa namna ya kumwambia kitu. Wazee wawili wa upande wa Onzima walianza kukuna videvu.

Onzima akapiga kigoda kofi. "Hapana! Mimi nasema baada ya Victoria, na baada ya Victoria ni baada ya Victoria! Nani natawala hapa?" Sauti ilipasuka. Mashavu yalitetemeka. Watu wa upande wake walitazama chini, kama watu waliozoea mvua hiyo.

Lokule alipaswa kujibu papo hapo, neno lile lisikae. Lakini maji hayakusubiri. Aliinua mkono, akaomba dakika moja, akatoka nusu mbio.

Wakati wa kurudi, jiko halikuwa na mtu. Wanawake walikuwa wamevutwa uwanjani na zile kelele. Lokule alijiambia anaingia kuomba maji ya kunywa. Akaingia. Hakukuwa na wa kumwomba. Alijiambia atafunika vizuri chungu, maana nzi ni wengi. Ili kukifunika vizuri ni lazima kwanza ukifunue. Baada ya hapo hakujiambia kitu tena. Tumbo lake lilikuwa limechukua amri ya kikosi kizima, na yeye sajini alikuwa akitii. Samaki wa kwanza aliingia mzima. Wa pili alikuwa ameshafika mkiani aliposikia hatua, akarudi nyuma ya mlango.

Aliyeingia alikuwa Onzima. Hakutazama kulia wala kushoto. Alikwenda kwenye kikapu moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kazini, akamega tonge la enyasa lenye ukubwa wa ngumi, akalitosa kwenye chungu, akalisukuma kinywani kwa kiganja, akafumba macho. Alipoyafumbua aliona mkia wa samaki ukichungulia katikati ya midomo ya msemaji wa Koboko.

Walitazamana. Wote wawili walikuwa bado wanatafuna.

"Amekula!" Onzima alipiga kelele, makombo yakiruka. "Nakula! Msemaji nakula! Neno nafungwa! Baada ya Victoria!"

Uwanja wote ulihamia mlangoni. Nasur alishika kichwa kwa mikono miwili. Yasiri, na hili Lokule hakulisahau, alianza kufunga kifungo cha juu cha shati.

"Si mimi," alisema Lokule alipofanikiwa kumeza. Alijua ilivyosikika. Alipapasa mfukoni mpaka akapata karatasi, akaiinua juu. "Ni sindano. Iko imeandikwa hapa! Daktari amepiga mistari!"

"Sasa karatasi nakula samaki?" aliuliza mzee mmoja wa Logiri, na kicheko kikapasuka.

Aliyeichukua karatasi alikuwa Kahindo, mke wa mtoto wa kiume wa Onzima, mwanamke wa Kongo aliyesomea uuguzi Bunia kabla ya kuja kuuza vitenge Arua. Hakucheka. Aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango.

"Ni kweli, hii dawa najua," alisema. "Iko na kazi yake. Goti, pumu, ngozi, mwili ukikataa kitu na kuvimba, inaokoa mutu. Lakini iko na mambo yake." Akasoma, akigeuza maneno moja moja. "Njaa kuzidi. Kukosa usingizi. Sukari kupanda." Akamtazama Lokule. "Baba, wewe uko na sukari?"

Ukoo mzima wa Koboko uligeuka. Lokule alitazama mafuta ya samaki yaliyobaki mkononi.

"Iko juu kidogo," alisema.

"Na daktari ulimwambia?"

"Aliuliza haraka haraka."

"Alaa!" Nasur alitoa sauti ndogo. "Baba mdogo!"

"Nilitaka nisimame kwa ajili yako!" Lokule alifoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo furaha yote ilimtoka. Alimgeukia Onzima. "Mkwe, sheria ni sheria. Lakini sheria inasema mtu akila. Mimi nilipokaa na akili yangu mwenyewe, miaka kumi na minane sijaonja hata chumvi. Aliyekula leo si mtu, ni dawa."

"Tumbo iko ya nani?" aliuliza Onzima, akishangilia.

"Tumbo ni langu. Amri haikuwa yangu."

Wazee wakaanza kubishana pale pale mlangoni. Mmoja alisema samaki ni samaki. Mwingine alisema mtu wa malaria akitukana watu hashitakiwi. Kahindo aliendelea kusoma kwa ajili yake mwenyewe, lakini alikuwa na sauti ya kuuzia vitenge, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Kwa wanaodungwa mara nyingi: uso kuvimba ukawa duara. Nyama kuongezeka shingoni. Hasira. Kula kula wakati wote. Mutu kubadilika tabia."

Aliacha kusoma. Polepole macho yake yalipanda kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye mashavu ya baba mkwe wake.

Nora, mama wa binti, hakuhitaji karatasi. Alikuwa ametazama mkono wa mumewe, ambao bado ulikuwa na enyasa.

"Baba Victoria," alisema kwa upole, "wewe ulikuja jikoni kufanya nini?"

"Kukagua."

"Na mdomoni?"

Onzima alificha mkono mgongoni.

"Yule mutu wa baiskeli," Nora aliendelea, "anayepita kila Jumatano na sanduku la dawa. Anayekudunga mgongo. Amekudunga tangu lini?"

"Mgongo naumwa!"

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda karanga," alisema Onzima, kidogo kidogo.

Nora alihesabu kwa vidole, na Lokule, ambaye alikuwa amezoea kusoma uso wa adui, aliona mwanamke huyo akiipanga upya miezi yote iliyopita kama ramani ya vita. "Tangu karanga hulali. Tangu karanga unakula usiku, mimi nasingizia panya. Uligombana na mchungaji, na mwenye mashine ya kusaga, hata na jogoo. Kabla ya karanga, Nasur alipokuja hapa mara ya kwanza, ulisema nini? Ulisema, 'Kijana iko mzuri, atuletee watu.' Dada mukubwa hukumtaja. Victoria ulianza kumtaja baada ya sindano ya pili."

Yasiri alifungua tena kile kifungo.

Lokule aliona nafasi, na usemaji wa miaka kumi na minane ukamwambia asimame. Alikuwa tayari amesimama, kwa hiyo alisogea tu mbele. "Wazee," alisema, "kama tonge langu ni la kwangu, basi na hasira ya mkwe ni ya kwake, na tumefungwa miaka mitatu. Nakubali. Lakini kama hasira ni ya sindano, samaki naye ni wa sindano. Chagueni. Hamuwezi kuchukua moja mkaacha nyingine."

Ilikuwa hoja fupi kuliko zote alizotoa siku hiyo.

Onzima alikaa chini juu ya gunia la mkaa. Aligusa mashavu yake, moja, halafu la pili, kama mtu anayekagua papai sokoni. "Kahindo, mwanangu. Nikiacha leo?"

"Usiache leo, baba! Umedungwa muda mrefu. Ukiacha kwa ghafula mwili unaweza kuanguka kabisa. Tuende kwa daktari, yeye atakupunguzia polepole. Na yule wa baiskeli asiingie tena hapa."

"Sasa mimi nabaki na hasira?"

"Polepole, baba. Nayo itapungua."

Alifikiri. Kelele zilikuwa zimemwisha, akaonekana mzee kuliko asubuhi. "Ndani ya kichwa yangu," alisema, "kuna mutu nakataa. Lakini sasa sijui kama ni mimi." Akamtazama Nora. "Wewe sema. Wewe hapana dungwa."

Mzee aliyesema samaki ni samaki alitaka kupinga kwamba mwanamke hafungi neno. Kahindo alimuuliza kwa heshima kama yeye mwenyewe amewahi kumwita yule mtu wa baiskeli. Mzee akaangalia bega lake, akasema ilikuwa mara mbili tu. Shangazi mmoja nyuma alitamka, bila kuulizwa, kwamba yeye alidungwa ili mashavu yajae kabla ya Krismasi. Baada ya hapo hakuna aliyepinga kitu.

"Desemba," alisema Nora. "Mtoto wangu aende Midia akiwa na nyumba yake. Na Jumatatu ninyi wawili, msemaji na Baba Victoria, mnakwenda Arua kwa daktari kwa gari moja, mkikaa kiti kimoja, na Kahindo katikati. Asiyekwenda, harusi haoni."

Nasur alipiga magoti hapo hapo penye majivu. Kutoka ndani ya nyumba Ayikoru, aliyekuwa ameambiwa akae humo mpaka aitwe, alisikika akipiga kigelegele bila kuitwa.

Kwa desturi msemaji hulipokea neno akiwa amechuchumaa. Lokule alichuchumaa mara ya mwisho, akashukuru, na alipotaka kuinuka goti lilitoa mlio wa mlango wa ghala. Alibaki chini. Lilikuwa gumu, linauma, ingawa Kahindo alilishika akasema si la moto, ni la kuchoka, na kwamba daktari aliyesema asichuchumae hakuwa akitania. Yasiri na Onzima walimshika huku na huku wakamkalisha kwenye gunia la mkaa, kando ya nafasi ya mwenye nyumba.

Chakula kikaletwa. Kahindo alisimama juu yao kama askari wa lindo, akawawekea sahani moja ya majani ya kunde na kipande cha enyasa cha kulisha kifaranga.

Lokule alinusa hewa. "Mkwe," alisema, "neno si limefungwa?"

"Nafungwa."

"Sasa naweza kula."

"Kula, mkwe. Mboga iko."

"Na samaki?"

Onzima alivuta sahani katikati yao, akayagawa majani kwa kidole, nusu kwa nusu. "Samaki," alisema, "wewe nakula tayari."